Miaka 76 bila askofu: Boga, maaskofu wake, na deni letu sisi wenye kusoma



Mara hii ninapenda tuongee juu ya historia ya hapa kwetu Ituri, ile ambayo shuleni tuliiruka. Tulisoma mkutano wa Berlin, tulisoma Napoléon na vita vyake, hata majina ya wafalme wa Ubelgiji tuliyakariri. Lakini mwanafunzi mwenye diploma ya Serikali, ukimuuliza namna gani Kanisa Anglikana lilifika Kongo, na juu ya nini lilianzia kwenye kijiji cha Boga na si kwenye muji mukubwa, anakuangalia tu.

Juu ya nini ninaleta jambo hili leo? Sababu kila mara inaposikika kwamba dayosisi fulani itapata askofu mupya, ao kwamba dayosisi moja itagawanywa mara mbili, vijana wanauliza swali moja: «Ni wa kabila gani?» Kwenye simu, kwenye moto, mbele ya kanisa, swali ni lile lile. Mimi nilisoma historia, na ninaona kuna swali lingine la kutangulia: askofu ana kazi gani? Na kabla hajakuwapo, ile kazi ilifanywa na nani? Boga inaweza kutujibu, sababu iliishi miaka 76 bila askofu wa kukaa nayo. Kisha ikampata, na mambo yakabadilika, mengine vizuri, mengine vibaya.

1. Kanisa lililoanzishwa na watu wa chini

Boga iko upande wa kusini wa teritwari ya Irumu, juu ya bonde la mto Semliki. Ng'ambo ya bonde ni Uganda na milima ya Ruwenzori. Banyaboga wanaongea lugha iliyo ndugu ya Runyoro na Rutoro. Kabla wazungu hawajachora mipaka, macho ya Boga yalitazama Toro na Bunyoro. Kwa hiyo, Injili ilipofika Toro, ilikuwa kitu cha kawaida ivuke mto.

Ilivuka mwaka wa 1896. Walimu wawili walitangulia, hawakuweza kukaa, wakarudi. Kisha akaja Apolo Kivebulaya, Muganda aliyezaliwa karibu ya mwaka 1864, ambaye alikuwa amebatizwa mwaka mmoja tu mbele. Hili jina la Kivebulaya watu walimpa juu ya koti jekundu la Ulaya alilokuwa anavaa. Hakuwa kasisi. Hakuwa hata shemasi. Alikuwa mwalimu wa katekisimo, na chakula chake alikilima mwenyewe.

Mambo hayakwenda laini. Sultani Tabaro wa Boga hakufurahi kusikia mafundisho juu ya pombe na wake wengi. Halafu dada wa sultani akafa kwa ajali, na Apolo akashitakiwa kwamba ni yeye alimuua. Walimfunga, wakamfikisha mpaka Fort Portal mbele ya mukubwa wa serikali ya Waingereza. Baadaye aliachiliwa. Na akafanya kitu ambacho wengi wetu tusingefanya: akarudi Boga, kwa watu wale wale. Tabaro mwenyewe mwishowe akabatizwa.

Mwaka 1900 Apolo aliwekewa mikono kuwa shemasi, na mwaka 1903 kuwa kasisi. Sasa mukumbuke: askofu hakuja kukaa Boga juu ya ile kazi. Askofu alikuwa Buganda, kwenye kilima cha Namirembe. Kutoka Boga kufika kule, unashuka bonde la Semliki, unapita milima, unafika Toro, na kutoka Toro bado siku nyingi za miguu.

Halafu mipaka ikaja kukata katikati. Mwaka 1910 Wabelgiji, Waingereza na Wajerumani walikaa Brussels wakapatana juu ya mipaka ya eneo hili. Iliwachukua miaka kadhaa kuiweka chini kwenye udongo, na mwishoni Boga ikajikuta ndani ya Kongo ya Wabelgiji, lakini askofu wake amebaki ndani ya Uganda ya Waingereza. Waumini wa Boga wakawa kundi dogo lenye mchungaji mukubwa kwenye nchi nyingine, tena chini ya serikali iliyopendelea misheni za Wakatoliki. Apolo, ambaye kati ya hapo alikuwa amefanya kazi Toro, alirudi akakaa Boga mpaka kufa kwake, akienda pia kuhubiri kwa Wambuti wa msituni. Mwaka 1922 alipewa heshima ya kuwa kanoni wa Namirembe. Alikufa Boga tarehe 30 Mei 1933. Aliacha neno kwamba wamzike kichwa kikitazama magharibi, upande wa msitu wa Kongo, kinyume na desturi ya kwao. Alitaka watu wajue kazi inaelekea wapi.

2. Kitu ambacho askofu peke yake anafanya

Hapa wale ambao si Waanglikana wanivumilie kidogo, sababu bila kuelewa utaratibu huu historia yote inapotea.

Kwenye Kanisa Anglikana kuna kazi ambazo mtu mwingine hawezi kufanya. Askofu njo anaweka mikono kwa kipaimara. Askofu njo anaweka mikono kuwa shemasi na kasisi. Kasisi njo anaadhimisha Meza ya Bwana. Sasa tupige hesabu pamoja. Kama askofu yuko mbali, anafika mara moja kwa miaka, vijana waliobatizwa wanangojea kipaimara. Makasisi ni wachache sana. Na makasisi wakiwa wachache, Meza ya Bwana inakuwa ya mara chache.

Basi, kanisa la Boga kwa miaka mingi liliishi kwa nini? Kwa sala ya asubuhi na ya jioni, iliyosomwa na mwalimu kwenye kitabu cha sala. Kwa nyimbo. Kwa masomo ya kusoma na kuandika, sababu mtu alipaswa kujua kusoma kusudi abatizwe. Kwa wamama waliofundisha watoto jikoni. Kwa walimu wa vijiji ambao mshahara wao ulikuwa kitu kidogo sana, na shamba njo lilikuwa mshahara wa kweli.

Tate yangu, ambaye alikuwa anasali kwa lugha ya kizazi chake mpaka mwisho, alikuwa na neno moja analolipenda: utaratibu. Kwake Kanisa Anglikana lilikuwa kanisa la utaratibu. Kila kitu kina wakati wake, kitabu kinafunguliwa kwenye ukurasa wake, mtu anajua nafasi yake. Niliona baadaye kwamba Waanglikana wengi wa zamani wanasema hivyo hivyo. Na ni ajabu kabisa: utaratibu ule ulilindwa na watu ambao hawakuwa na cheo chochote kikubwa ndani yake.

3. Mwaka 1972

Mwaka 1960, ule mwaka wa uhuru wetu, Uganda nayo iligawanya dayosisi zake, na Boga ikawa chini ya dayosisi mpya ya Ruwenzori. Askofu wake alikuwa Erica Sabiti, kule Fort Portal. Askofu sasa alisogea karibu, lakini alibaki ng'ambo ya mpaka. Mwaka 1964 uasi wa Simba ulipotokea, watu wengi wa mashariki walikimbilia Uganda. Wengine kule njo walijua Uanglikana kwa mara ya kwanza, na waliporudi walirudi nao.

Ikafika mwaka 1972. Boga ikawa dayosisi, jina lake Boga-Zaïre, na askofu wa kwanza akawekwa: Philip Ridsdale, misionari Mwingereza.

Tusimame kidogo juu ya ule mwaka. Nchi ilikuwa imebadilisha jina Oktoba 1971. Desemba 1971 Mobutu alitia sahihi sheria ya kupanga makanisa, na kwa Waprotestanti matokeo yalikuwa haya: hakuna kanisa linalosimama peke yake, wote waingie ndani ya Kanisa la Kristo la Zaïre na kuwa jumuiya ndani yake. Mwaka 1972 majina ya kikristo yalikatazwa, kila mtu atafute jina la mababu. Wakati ule wa otantisite, Waanglikana wa Zaïre walikuwa kundi dogo la mpakani lenye mukubwa wake Uganda. Kuwa na askofu ndani ya nchi haikuwa tena mambo ya kipaimara peke yake. Ilikuwa karatasi ya kuishi.

Ndiyo, askofu wa kwanza alikuwa Muzungu, kwenye mwaka ule ambapo nchi ilikuwa inafukuza hata majina ya kizungu. Mtu anaweza kucheka. Lakini haikuchukua muda. Mwaka 1976 dayosisi ya Bukavu ilizaliwa, na askofu wake alikuwa mutu wa kwetu, Bezaleri Ndahura. Mwaka 1980 Ridsdale alipotoka, Boga ikampata Njojo Byankya. Mwaka ule ule Burundi, Rwanda na Zaïre wakatoka chini ya Uganda na kuwa jimbo moja la watu wa lugha ya Kifaransa, na askofu mkuu wa kwanza akawa Ndahura. Kutoka askofu wa kigeni mpaka askofu mkuu wa kwetu: miaka minane tu. Ndahura hakukaa muda mrefu kwenye kiti kile. Mwaka 1982 tayari askofu mkuu alikuwa Justin Ndandali wa Rwanda. Lakini kazi yake haikupotea.

4. Kutoka Boga kwenda nchi nzima

Mbele ya miaka ya 1970, Waanglikana walifungwa kwenye eneo la Boga. Misheni za Kiprotestanti zilikuwa zimegawana nchi kama watu wanavyogawana mashamba: kaskazini ya Ituri AIM, upande wa Nyankunde wale Ndugu, na Boga Waanglikana. Mtu wa Boga akihamia Bunia, alitakiwa asali na wenye eneo.

Lakini watu hawaishi kama mashamba. Mtu wa Boga alikuja Bunia kutafuta kazi, akakutana na mwingine wa kwao, wakaanza kusali nyumbani. Kisha jirani akaja, Munande, Mualur, Mulendu, na pale pale swali la lugha likatokea. Sala za Boga zilikuwa za lugha ya Boga. Jirani haelewi. Basi wakaanza Kiswahili. Kwa maoni yangu, siku ile Waanglikana wa Kongo walipokubali kusali kwa Kiswahili njo siku walipoacha kuwa kanisa la kijiji kimoja, na hakuna tarehe yake kwenye kitabu, sababu ilitokea parokia kwa parokia.

Kaskazini, kule Aru, njia ilikuwa nyingine. Idi Amin alipoanguka mwaka 1979, wakimbizi wa Uganda walivuka mpaka kwa wingi, Wakakwa na Walugbara, na kati yao kulikuwa Waanglikana waliotaka kusali vile walivyozoea. Kanisa likaanzishwa na wakimbizi. Wenyeji wakaingia.

Sasa munaona kazi ya askofu inavyobadilika. Watu wanaanzisha, askofu anakuja nyuma: anatambua kundi, anatafuta mtu wa kulichunga, anamtuma masomo, anamwekea mikono, anaandika barua kwa serikali na kwa jumuiya nyingine ambazo hazifurahi. Kisangani ilikuwa dayosisi mwaka 1980, Shaba (leo Katanga) mwaka 1986, Nord-Kivu mwaka 1992, Kindu mwaka 1997, Aru mwaka 2005. Mwaka 1992 Zaïre ikawa jimbo lenyewe, na Njojo wa Boga akawa askofu mkuu wake wa kwanza. Baada yake walikuja Dirokpa wa Bukavu, Isingoma mwaka 2009, Masimango Katanda wa Kindu mwaka 2016, na Titre Ande wa Aru mwaka 2022.

Vijana nao hawakulala. Miaka ya 1980 na 1990 vikundi vya Agape vilileta magitaa, kupiga makofi na nyimbo mpya. Wazee walisema utaratibu unakufa. Maaskofu walikuwa katikati: wakiwafukuza vijana, watahamia kanisa la jirani; wakiwaachia yote, wazee watasema hili si kanisa la Apolo tena. Wakaacha vyote viwili vikae ndani ya ibada moja, kitabu cha sala na gitaa. Mimi nilikua ndani ya ibada za namna ile, na nilifikiri ilikuwa hivyo tangu Adamu. Kumbe kulikuwa na ugomvi mbele.

5. Kalamu na muhuri

Hapa tunafika kwenye jambo ambalo sisi tuliosoma tunaligusa kila siku.

Ndani ya Kanisa la Kristo, kila jumuiya ina mwakilishi wake mbele ya sheria. Mwaka 1974 serikali ilichukua shule zote za makanisa. Ilishindwa kuziendesha, na Februari 1977 ikatia sahihi mapatano na makanisa kusudi yazisimamie tena: serikali inalipa, kanisa linaongoza. Kutoka hapo uongozi wa kanisa ukawa na kitu kipya mkononi. Nani atakuwa mkurugenzi wa shule? Nani atafundisha? Nani atatumwa kusoma inje? Ongeza vituo vya afya, viwanja, miti ya misheni, gari moja lenye kutembea kwenye barabara mbaya, na msaada unaotoka kwa marafiki wa Ulaya. Mambo haya yote, kwa njia moja ao nyingine, yanapita kwenye ofisi moja yenye muhuri.

Mimi mwenyewe, nilipomaliza lisansi, nilipeleka barua ya kuomba kufundisha kwenye shule moja ya misheni. Jina la shule na la kanisa lake sitataja. Swali la kwanza halikuwa alama zangu. Waliuliza ninatoka familia gani, na nani mukubwa anayenijua. Nilingojea miezi saba, kisha nafasi ikapewa mtu ambaye alikuwa hajamaliza masomo. Wengi kati yenu munaweza kuandika habari hii hii na kubadilisha tu jina la mahali. Ninaitaja kusudi tuone kwamba mambo haya yana mzizi: siku kanisa lilipopewa ufunguo wa mshahara wa serikali, cheo cha kanisa kikawa pia cheo cha mkate.

Na mkate ukiwa mdogo, watu wanauliza: «Ni wa kabila gani?» Lile swali halikutoka kwenye Biblia, wala kwa Apolo, ambaye alikuwa Muganda kati ya Banyaboga na Wambuti. Limetoka kwenye njaa na kwenye muhuri.

6. Vita

Vita vya Ituri, kutoka 1999 mpaka 2003, vilichukua uhai wa watu zaidi ya 50,000. Septemba 2002 Nyankunde iliharibiwa, na hospitali yake kubwa ambayo jumuiya nyingi zilikuwa zinashirikiana. Mei 2003 Bunia iliwaka, mpaka wanajeshi wa Ulaya wakaja mwezi wa Juni.

Ule wakati kila kanisa lilipimwa. Waanglikana walikuwa na tatizo lao maalumu. Sababu Boga njo mama wa kanisa, na Banyaboga wanahesabiwa upande wa Bahema, majirani wengi waliliona kama «kanisa la Bahema», hata kama ndani yake kulikuwa watu wa makabila mengi. Neno la namna ile wakati wa amani ni mzaha. Wakati wa vita linaweza kuua. Mwalimu wa katekisimo wa kabila lingine anasimama wapi? Na askofu anayetoka upande mmoja, akiongea juu ya amani, nani wa upande mwingine atamsikia?

Mimi siwahukumu maaskofu wa ule wakati. Walikuwa na makasisi waliotawanyika kati ya Bunia, Beni na Uganda, shule zilizochomwa, waumini kwenye kambi. Lakini ninajifunza kitu kimoja: amani ambayo askofu anahitaji wakati wa vita inapaswa kuwa imejengwa miaka 20 mbele, kwenye mambo madogo, kama vile nani alitumwa masomo na nani alipewa parokia nzuri. Siku bunduki zinalia, ile akiba njo inatumika. Kama haipo, hotuba haisaidii.

Na Boga haijapumzika. Mwishoni mwa Mei 2021, siku zile zile ambazo Waanglikana wanakumbuka kifo cha Apolo, washambuliaji waliosemwa kuwa wa ADF waliingia Boga na Tchabi. Watu zaidi ya 50 waliuawa, na kati yao wakimbizi waliokuwa tayari wamekimbia mara moja. Ituri ilikuwa chini ya hali ya dharura tangu tarehe 6 ya mwezi ule. Kanisa mama la Waanglikana wa nchi nzima liko kwenye mahali ambapo watu wanalala porini.

7. Bula Matari ao Apolo?

Munajua wote jina Bula Matari, mvunja mawe. Ilikuwa jina la Stanley, kisha likawa jina la serikali ya wazungu: ile nguvu inayokuja, inavunja, inachukua, haiulizi. Mwaka 2010 Titre Ande, aliyekuwa askofu wa Aru, alitoa kitabu juu ya uongozi na mamlaka ya kanisa katika Kongo. Neno lake kubwa ndani yake: viongozi wa kanisa wamevaa mavazi ya Bula Matari bila kuona. Anasema tutafute namna nyingine, ambamo uongozi ni kulinda na kukuza uhai wa watu wote.

Ninapenda mambo mawili juu ya kitabu kile. La kwanza, aliyekiandika hakuwa mpinzani amesimama inje na kutupa mawe. Alikuwa askofu, na miaka 12 baadaye akawa askofu mkuu. Kwa hiyo sisi vijana tukikosoa, hatuleti uasi. Mlango wameufungua wenyewe. La pili, kitabu kinaweka kipimo. Mtu aliyeandika hivyo amekubali kwamba tutampima kwa maneno yake.

Lakini nina neno moja la kuongeza, na wengine hawatalipenda. Bula Matari haishi kwa askofu peke yake. Anaishi pia kwetu. Sisi njo tunapiga simu kuomba «utusemee kwa Monseigneur». Sisi njo tunataka dayosisi igawanywe kusudi kabila letu nalo lipate muhuri wake. Kuna dayosisi zilizozaliwa sababu kazi ilikuwa kubwa na njia ndefu: Aru ni mbali sana na Boga, na watu wake walihitaji mchungaji anayejua lugha zao. Hiyo ni sawa kabisa. Boga yenyewe ilizaliwa sababu Fort Portal ilikuwa mbali. Lakini kama sababu ya kugawanya ni kiti tu, tutakuwa na maaskofu wengi na wachungaji wachache.

Kwa hiyo, mara nyingine jina la askofu mupya likitajwa, ninaomba tuulize maswali haya mbele ya lile la kabila. Je, amewahi kukaa kwenye parokia ya mbali, ao ameishi mjini tu? Walimu wa katekisimo wanamjua kwa jina? Alipokuwa na nafasi ya kutuma mtu masomo, alimtuma nani? Wakati wa vita alilala wapi, na alimpokea nani? Hesabu za parokia yake zilisomwa mbele ya watu? Mtu anayejibu vizuri maswali haya, kabila lake litakuwa habari ndogo.

8. Deni letu

Nimalizie na kazi, sababu chama chetu si cha kusoma tu.

Zile miaka 76 zimeandikwa vibaya. Tunajua Apolo, na vitabu vya wazungu vilimtaja sana. Lakini walimu wa vijiji walioshika kanisa, wamama walioimba na kufundisha, waliofungua sala za kwanza za Kiswahili huko Bunia, majina yao yako mahali pawili tu: kwenye vichwa vya wazee na kwenye madaftari ya ubatizo. Wazee wanakufa. Madaftari yanachomwa na vita, yanaliwa na mchwa, yanalowa mvua.

Kila mmoja wetu ana simu yenye kupiga picha. Ninaomba wale ambao wako karibu na parokia ya zamani, kanisa lolote, Anglikana ao lingine, muende kwa mchungaji, muombe ruhusa kwa heshima, mupige picha kila ukurasa wa daftari la zamani, muandike tarehe na mahali, na nakala moja mumwachie mwenyewe. Muende pia kwa mzee mmoja, mumuulize: mwalimu wako wa kwanza alikuwa nani, alitoka wapi, alilipwa nini? Mimi nitaanza na parokia nilipobatizwa, mwezi kesho, kama barabara itakuwa wazi. Anayetaka tugawane njia aniambie.